Referensi na Turnitin: uanze maktaba, kwa fundi wa steshenari, ChatGPT au ushushe Zotero?

Ikifika tu miezi ya kukusanya tasnifu, swali kwenye magrupu ya wasap ya wanachuo linakuwa lile lile, "jamani nani anajua kupanga referensi, supavaiza kanirudishia kazi", na majibu yanakuja ya kila rangi, mmoja anakwambia nenda kwa jamaa yule wa steshenari nje ya geti, mwingine shusha Zotero, ile programu ya kupanga referensi, mwingine tupia ChatGPT itakupangia, na yule anayesema nenda maktaba mara nyingi hapati hata emoji. Hapa naziweka njia zote hizi bega kwa bega ili uchague ukijua unanunua nini, maana tofauti yao sio bei tu. Msimamo wangu nautoa mapema: anza maktaba, fuata na programu, hao wengine ni wa kujazia. Ila maktaba nayo ina mambo yake ya hovyo na sitayaficha.

Nianze na fundi wa steshenari kwa sababu ndiye anayekula hela nyingi ya watu. Kila chuo kikubwa kina wa kwake, Dar wapo, Nairobi wapo, Kampala pale Wandegeya karibu na Makerere ndio usiseme. Uzuri wake ni haraka, saa mbili usiku yupo, hakuulizi maswali, na bei inategemea presha uliyokuja nayo usoni. Kwenye kupanga kurasa, namba za kirumi za kurasa za mwanzo, yaliyomo yajipange yenyewe, margini ya kushoto iache nafasi ya kujalidi, huyu mtu anajua kuliko malekchara wengi na hapo mpe heshima yake kabisa, mlipe.

Shida inaanza ukimpa referensi. Yeye hajasoma vyanzo vyako kwa hiyo hajui hiki ni kitabu, hiki ni makala ya jarida au hiki ni ripoti ya serikali, anachofanya ni kuangalia mistari ya juu imekaaje halafu anafananisha ya chini. Mfano ambao utaukuta kwenye tasnifu nyingi tu: mwanafunzi katumia ripoti ya Sensa ya 2022 ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Fundi, au hata programu iliyojazwa vibaya, anaichukulia hiyo kama jina la mtu, jina la mwisho linakuja mbele na yaliyobaki yanakatwa herufi, unapata "Takwimu, O. T. (2022)". Wizara ya Afya inakuwa "Afya, W." Msahihishaji akiona hivyo tu anajua hii listi mwenyewe hajaigusa, na kuanzia hapo anasoma kazi yako kwa jicho lingine.

Na kwenye Turnitin, ile programu ya kuangalia kazi yako imefanana wapi na maandishi ya wengine, ndio mbaya zaidi. Elewa kitu kimoja, Turnitin haiuzwi kwa mwanafunzi mmoja mmoja, leseni wanauziwa vyuo na taasisi. Ni kampuni ya Marekani iliyoanza 1998, na 2019 ilinunuliwa kwa kama dola bilioni 1.75, so hao sio watu wa kukuuzia ukurasa mmoja kwa bei ya chapati. Sasa jiulize akaunti anayotumia jamaa wa steshenari katoa wapi. Ni ya kuazima, ya lekchara wa chuo fulani, mara nyingi hata nchi nyingine, na hujui imesetiwaje. Kama imesetiwa kuhifadhi kazi kwenye hazina ya Turnitin, tasnifu yako inabaki mle ndani kwa jina la chuo usichokijua, halafu siku chuo chako kinaipitisha rasmi inarudi imefanana asilimia tisini na kitu na "kazi ya mwanafunzi" wa mahali hujawahi kufika. Kazi ni yako, umeiandika mwenyewe usiku kucha, lakini unaanza kujieleza kama mwizi, na uliyemlipa atakwambia yeye anatoa ripoti tu.

Ukiipeleka maktaba, au kwa msimamizi mwenye akaunti ya chuo, unaweza kuomba hilo waziwazi: iangaliwe bila kuhifadhiwa, ya mwisho ndio ihifadhiwe. Sentensi moja tu. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kumaliza ubishi wa steshenari na maktaba upande wa Turnitin.

Haya, maktaba yenyewe. Watu wengi wanaiona ni vitabu na viti, na ukweli tunaipa sababu, lile jengo jipya la maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) lililofunguliwa Novemba 2018 linabeba wasomaji 6,000 kwa mpigo lakini ukipita mle ndani wangapi wamekuja kuchaji laptopu na kupiga picha? Wakati kuna mkutubi ambaye kazi yake, analipwa mshahara kabisa, ni kukaa na wewe akuelekeze namna ya kutafuta makala, kurejelea na kusoma ripoti ya Turnitin, na hakutozi hata mia. SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wana maktaba ya kilimo ya taifa ndani ya chuo, MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, wana watu waliobobea kwenye vyanzo vya afya, Chuo Kikuu cha Nairobi wana Jomo Kenyatta Memorial, na kwa Tanzania maktaba za vyuo zimeungana kwenye umoja wao, COTUL, ili kupata majarida ya mtandaoni kwa pamoja. Kuna pia mpango wa Research4Life, ule ulioanza na HINARI ya mambo ya afya mwaka 2002, unaofungulia taasisi za nchi kama zetu majarida ya gharama kubwa bure au kwa bei ndogo sana. Paswedi zinapitia maktaba. Sio kwa fundi, sio YouTube.

Hilo linahusianaje na wizi wa kitaaluma? Linahusiana sana. Mtu anakopi kwa sababu kapata makala moja tu ya bure Google, na hiyo moja anaikamua mpaka basi, kila aya inatoka humo. Ukiwa na makala kumi na tano za mada yako huwezi kukopi hata ukitaka, zinapingana, inabidi useme wewe unaona nani yuko sawa. Wakutubi wanaliona hili kuliko mtu yeyote na ndio maana mafunzo mazuri ya maktaba hayaanzii kwenye nukta na mkato, yanaanzia kwenye kutafuta na kuandika noti: maneno ya mwandishi weka ndani ya alama za kunukuu na namba ya ukurasa hapo hapo, maneno yako weka pembeni. Kesi nyingi za kudesa bila kukusudia zinatoka kwenye noti za hovyo, mtu baada ya miezi mitatu anafungua daftari hakumbuki sentensi hii ni yake au ya kitabu.

Sasa madhaifu. Semina za maktaba mara nyingi zinafanyika wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, mmejazana ukumbini fasti yia wote, mtu mbele na projekta anabonyeza vitu, nyie mnawaza chumba na bumu, na referensi mtaihitaji miezi mingi mbele. Nyingine zinafundisha vitufe badala ya akili, unatoka unajua pa kubonyeza lakini hujui kwanini unarejelea. Maktaba nyingine mafunzo yapo kwenye tovuti tu ukienda mhusika yuko likizo. Na kuna wakutubi wakali bila sababu, tuseme ukweli. Dawa yake usisubiri semina, nenda mwenyewe siku ya kawaida katikati ya semista kukiwa kimya, ulizia dawati la rejea, na nenda na kazi yako mkononi sio na swali la jumla. Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Shikamoo mama, naomba msaada wa referensi."
"Marahaba mwanangu. Unadifendi lini?"
"Mwezi wa tisa."
"Basi tuna muda. Lete laptopu hapa, idara yako inataka APA ya ngapi?"

Hilo swali la mwisho fundi hatakuuliza. APA ni mtindo wa kupanga referensi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, toleo la 7 lilitoka Oktoba 2019 na lilibadilisha vitu: mji wa mchapishaji umeondoka, kwa hiyo huandiki tena Dar es Salaam: Mkuki na Nyota, unaandika Mkuki na Nyota basi, na waandishi wakiwa watatu au zaidi unatumia "et al." (yaani "na wenzake") tangu mara ya kwanza, ile ya kuwataja wote kwanza ilikuwa toleo la 6. Halafu mtindo wa Harvard ambao vyuo vingi wanautaja haina kitabu kimoja rasmi kama APA, kila chuo kina Harvard yake, ndio maana ya YouTube ya chuo cha Uingereza au Australia ukiifuata neno kwa neno bado utarudishiwa. Sheria wana yao ya tanbihi, wengi OSCOLA ya Oxford, wa tiba wanaenda na mtindo wa namba wa Vancouver. Mkutubi ana mwongozo wa chuo chako wa uzamili, na huo ndio unaoshinda mitindo yote ya duniani siku ya kukusanya.

Msimamizi naye? Kwenye maudhui hana mpinzani, kwenye referensi usimtegemee sana, ana wanafunzi wengi na atakuandikia "rekebisha marejeleo" kwa wino mwekundu bila kusema yapi. Na wengine wamebaki na toleo walilosomea wao. Mkibishana usipambane, mpe mwongozo wa chuo auone.

YouTube nasema haraka: nzuri kwa kuona kitufe kiko wapi, mbaya kwa kuamua mtindo. Angalia video ya karibuni, ya zamani itakuonesha programu ambayo haipo tena, na bando limeenda.

ChatGPT na wenzake hapa inabidi nikae kidogo. Ukiipa orodha yako ya kweli ukaiambia ipange kwa APA 7 inafanya vizuri kiasi, ingawa utakagua mstari kwa mstari. Ukiiambia "nitafutie referensi kumi za mada yangu" umejitafutia balaa, inaweza kukutengenezea mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoeleweka, na makala ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mwaka 2023 New York mawakili wamepigwa faini ya dola 5,000 kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca kwa sababu walipeleka mahakamani kesi za kubuniwa na ChatGPT, mawakili hao, watu wazima. Kipimo ni rahisi: chukua DOI, ile namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, ibandike doi.org, isipofunguka au ikifungua makala nyingine, futa. Kama haina DOI mpelekee mkutubi kichwa cha habari, dakika mbili anakwambia ipo au haipo.

Na zile programu za kubadilisha maneno ili Turnitin isikamate, achana nazo kabisa. Mwaka 2021 mtafiti mmoja Mfaransa, Guillaume Cabanac, na wenzake walifichua makala za majarida zilizojaa maneno yaliyopindishwa na mashine hivyo, saratani ya matiti imegeuka kitu kama "hatari ya kifuani". Supavaiza wako ataliona hilo kabla hata hajafungua Turnitin. Ile ya kuficha herufi za Kirusi katikati ya maneno au kuandika kwa rangi nyeupe nayo Turnitin ina bendera zake za kuionesha, na hapo sasa umethibitisha ulikusudia.

Tuje kwenye programu, maana ukitoka maktaba lazima uondoke na moja.

Zotero ndio ninayompa mtu yeyote. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani mwaka 2006, ni bure, msimbo wake (code) uko wazi kwa kila mtu, vitu vyako vinakaa kwenye laptopu yako kwa hiyo bando likiisha unaendelea kuandika. Inaingia kwenye Word, LibreOffice na Google Docs. Unabandika DOI, au ISBN ambayo ni namba ya kitabu, inajaza yenyewe. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300 tu, inajaa haraka ukiweka PDF, lakini unaweza kuzima usafirishaji wa PDF ukabaki na taarifa za vyanzo tu na hapo haijai leo wala kesho. Lile tatizo la "Takwimu, O. T."? Kwenye Zotero pembeni ya jina la mwandishi kuna kitufe kidogo cha kubadilisha jina kutoka sehemu mbili kuwa moja, kibonyeze, andika Ofisi ya Taifa ya Takwimu yote, basi.

Mendeley, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, inavutia kwa GB 2 za bure na kusomea PDF mle mle ni raha. Ni mali ya Elsevier, kampuni ya kuchapisha majarida, tangu 2013. Ninachokiona kigumu kwa mazingira yetu ni kwamba ile Mendeley Desktop ya zamani iliondolewa kushushwa Septemba 2022, mpya inakutaka uwe umeingia kwenye akaunti na kiunganishi chake kinataka Word ya 2016 kwenda juu, Google Docs haipo. Kama tayari unayo na ina vyanzo mia tatu usihame katikati ya tasnifu, maliza nayo. Kama unaanza leo sioni sababu.

Ile tabu ya References ndani ya Word, hiyo ipo tayari, haitaki kushusha kitu, na kwa asaimenti ya kurasa kumi inatosha sana. Lakini unajaza kila kitu kwa mkono na Word za zamani zilizojaa kwenye laptopu zetu zina APA ya 5 au ya 6, sio ya 7, mtu hajui mpaka arudishiwe. Taasisi nayo kuna kisanduku cha kutiki ili isikatwe jina. EndNote ni ya kulipia, kama chuo kinakupa chukua, kama hakikupi usihangaike.

Kwa mikono tupu? Vyanzo vikiwa chini ya kumi na tano hakuna ubaya, tena fasti yia ningemshauri aanze hivyo, ukishajua muundo kwa mkono utaona programu inapokosea. Na itakosea.

Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili wana tatizo lao hakuna anayelisema. Programu zinakuwekea "et al." na alama ya & wakati wewe unataka "na wenzake" na "na". Usirekebishe moja moja kadri unavyoandika maana ukigusa kitu inajirudisha ilivyokuwa. Subiri mwisho kabisa, tengeneza kopi ya faili, kwenye hiyo kopi kata muunganisho wa Zotero kwa kile kitufe cha Unlink Citations, ndio ufanye tafuta na badilisha. Faili la asili usiliguse. Na kwa sababu naandika kwa wa Kiswahili, kutafsiri sura ya kitabu cha Kiingereza bila kumtaja mwenyewe ni wizi vile vile hata Turnitin ikikuletea kijani, yaani kufanana kidogo, kuna msahihishaji amekisoma hicho kitabu kabla hujazaliwa.

Ripoti yenyewe inasomwaje, hapa ndipo mkutubi anapowazidi wote. Rangi ni za kufanana, sio za hatia: kijani inafika asilimia 24, njano inaanza 25, chungwa 50, nyekundu 75. Mtu ana 28 analia, kumbe ni ukurasa wa tamko, hojaji na orodha ya marejeleo, ukiondoa marejeleo na nukuu inashuka yenyewe kihalali, chuo kinaruhusu au hakiruhusu ndio cha kuuliza. Mwingine ana 9 anacheka, kumbe hiyo 9 yote ni aya mbili mfululizo za mtu mmoja sura ya pili. Huyo wa 9 ndiye mwenye kesi. Fundi atakuuzia namba, mkutubi atakuonesha hizo aya mbili. Na ile sehemu ya kukamata AI iliyoongezwa Aprili 2023, chini ya asilimia 20 Turnitin wenyewe wanaweka kinyota badala ya namba kwa sababu huko chini inakosea sana, kwa hiyo ukiona kinyota usikimbie kubadilisha lugha yako nzuri iwe mbaya.

Sasa chagua. Fasti yia: dawati la maktaba mara moja, marejeleo kwa mkono, hela yako kula. Mwaka wa tatu mwenye ripoti ya utafiti: Zotero leo, sio mwezi wa mwisho, na fundi umlipe kwa kupanga kurasa tu. Masters na PhD: mkutubi wa fani yako awe na namba yako ya simu. Mtu wa Chuo Kikuu Huria au unayesoma ukiwa kazini Mtwara huko, piga au tuma imeili maktaba ya chuo chako, waulize paswedi za majarida ukiwa mbali na kama wanaweza kukupitishia rasimu bila kuhifadhi. Mwenye simu tu bila laptopu, andikia Google Docs halafu Zotero uijaze ukipata kompyuta ya maktaba.

Na kama unakusanya wiki ijayo na hujafanya hata kimoja, nenda kesho asubuhi kabla foleni haijaanza, beba faili la Word sio PDF, beba mwongozo wa idara, na beba zile makala zenyewe ulizotumia, kwa sababu mkutubi atakuuliza "hii umeitoa wapi" na hapo ndipo wengi wanaporudishwa nyumbani.